Mkono Uliopona

Jina alilopewa na wazazi wake hakuna anayelikumbuka tena. Watu walimwita Munyu, yaani chumvi, kwa kuwa kuchemsha chumvi ndiyo iliyokuwa kazi yake, na kwa kuwa ulimi wake nao ulikuwa na ukali wake. Walikuwa wakisema Munyu hata akikugombeza, unarudi nyumbani na ladha mdomoni. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake bibi yangu. Bibi aliyapata haya kwa mama yake huyo, kipande kipande, kwa miaka mingi, maana mama mwenyewe hakuwa mtu wa kuyasema yote kwa mkupuo mmoja.

Kijiji chao kilikuwa juu milimani, nyumba arobaini hivi za mawe zilizobanana kwenye mteremko kama mbuzi wanaokwepa upepo. Barabara haikuwepo. Kulikuwa na njia ya punda tu, na wachuuzi walipita mara mbili kwa mwaka, kama ukungu uliwapa ruhusa. Chini kidogo ya nyumba za mwisho palikuwa na kibonde ambako maji ya chumvi yalichuruzika kutoka ardhini. Nyasi hazikuota pale. Udongo ulikuwa mweupe kama uliomwagiwa majivu, na kulipopambazuka ulikuta alama za ndimi za mbuzi.

Mama yao ndiye aliyekuwa akichemsha chumvi hapo, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Ilikuwa kazi ya subira. Kwanza unakwangua ule udongo mweupe, unaujaza kwenye chungu kilichotobolewa kitako na kutandikwa nyasi, kisha unaumwagia maji ya chemchemi na kusubiri yadondoke kwenye hori. Maji hayo ndiyo unayochemsha, kwenye vyungu vipana vilivyopangwa juu ya jiko refu la udongo, unaengua povu, unachochea kuni, unaengua tena. Chumvi ikianza kuota pembeni unapunguza moto na kuivuta kwa mwiko wa mbao, unaitia kwenye vikapu vyembamba ichuje. Yale maji ya mwisho yanayochuja ni machungu kama nyongo, unayamwaga mbali. Banda lilikuwa na moshi mwaka mzima. Waliolifanyia kazi walikuwa na macho mekundu na viganja vigumu kama nyayo.

Munyu aliifahamu kazi hii kabla hajaota meno ya ukubwani. Mdogo wake hakuipenda, moshi ulimkohoza. Basi mdogo akaolewa na mhunzi wa pale pale kijijini, na Munyu akaolewa upande wa pili wa mlima. Alikaa huko miaka minne. Siku moja mama yao alikuwa akiengua povu, akainua macho, akamwona binti yake anateremka kibondeni na mzigo kichwani, peke yake.

"Amekufukuza?"

"Hajanifukuza, mama. Nimechoka tu."

"Kuchoka nako ni sababu ya kuacha nyumba?"

"Wewe nipishe kwanza nitue mzigo," Munyu akamwambia, "halafu nipe huo mwiko, povu linafurika."

Mazungumzo ya ndoa yake yaliishia hapo. Mama akafariki miaka miwili baadaye, na kila mtu akasubiri kuona Munyu atahamia kwa nani. Hakuhamia kwa mtu. Alijijengea chumba kimoja cha mawe ubavuni mwa banda, akaezeka mwenyewe, akaendelea kuchemsha. Jumbe wa kijiji, mzee mwenye sauti ya taratibu na mbuzi wengi, akamtuma mjumbe kumposea mdogo wake aliyefiwa na mke. Munyu alimsikiliza mjumbe mpaka mwisho, akamkaribisha maji ya kunywa, kisha akasema, "Mwambieni namheshimu sana. Lakini kitanda changu ni chembamba, naye ni mtu mpana."

Kijiji kilicheka wiki nzima. Mposaji hakucheka, na jumbe hakucheka.

Kuanzia hapo banda likawa na wageni. Ilianza kwa baridi tu. Wanawake walioteka maji kijitoni walipita kuota moto, wakaketi na sufu zao wakisokota. Hapakuwa na mume wa kuombwa ruhusa wala mama mkwe wa kusikiliza mlangoni. Aliyeleta mzigo wa kuni aliondoka na chumvi, na chumvi ile ilikuwa yake mwenyewe. Wapo walioibadilisha kwa wachuuzi wakapata sindano, au kitambaa, au kuku. Wanaume wakaanza kuona vitu ndani ya nyumba zao ambavyo hawakuvileta wao. Hakuna aliyesema neno, lakini jambo likionwa huwa limeonwa.

Halafu mkaza mwana wa jumbe akaja bandani asubuhi moja, jicho limefumba kwa uvimbe na mdomo umepasuka. Munyu hakumuuliza. Alimkanda kwa maji ya moto, akampa kitanda, yeye akalala sakafuni. Mume akaja kumdai mkewe. Munyu alikuwa anakoroga chungu, hakugeuka.

"Mke wako kalala. Akiamka nitamwambia umepita."

"Mimi sikuja kupita hapa. Nimekuja kumchukua."

"Basi ingia umchukue," Munyu alisema, na bado alikuwa ameshika ule mwiko mrefu unaochuruzika maji yanayochemka. Yule kijana alisimama kidogo, akaondoka. Siku ya tisa mke akarudi kwao, ng'ambo ya mlima, na hakuonekana tena. Mtoto wa jumbe akabaki kijijini bila mke, na watu wakimtazama kwa pembe ya jicho.

Mwaka uliofuata baridi iliwahi, ikaja na kikohozi. Leo tungekiita kifaduro. Kilianza kwa watoto wa juu karibu na zizi, kikashuka nyumba hata nyumba. Mtoto alikohoa mpaka akageuka rangi, akavuta pumzi kwa mlio kama wa jogoo, akatapika, akaanza tena. Mjukuu wa jumbe alikuwa wa nne kufa. Wa sita alikuwa binti wa mdogo wake Munyu na mhunzi, mtoto wa miaka miwili, ndiyo kwanza ameanza kuunganisha maneno.

Siku ya mwisho ya mtoto huyo, Munyu alizima jiko lake, jambo ambalo halijawahi kutokea, akapanda kwa mdogo wake. Mama wa mtoto alikuwa hajapata usingizi siku tatu. Munyu akampokea mtoto, akampakata, akamnywesha maji ya moto yenye asali kwa ncha ya kidole. "Lala kidogo, mdogo wangu. Mimi nipo." Mdogo akalala. Alipoamka jua lilikuwa limeegemea upande, na dada yake alikuwa bado amempakata mtoto, lakini mtoto alikuwa ameshatulia.

"Mbona hukuniamsha?" mdogo aliuliza.

"Alikwenda kama pumzi. Sikuwahi."

Maneno hayo mdogo aliyabeba maisha yake yote. Sikuwahi. Aliyageuza huku na huku. Na mama mkwe wake, aliyekuwa akikaa nao, akamsaidia kuyageuza. Kila asubuhi walipokuwa wakisaga, mama mkwe huyo alisema kitu kimoja kidogo, kama mtu anayetia chembe kwenye jiwe. Kwamba dada yako hana mtoto, na asiye na mtoto hujui anawaangalia vipi wa wenzake. Kwamba moto wake hauzimiki, isipokuwa siku ile, kwa nini siku ile? Kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo aliendelea kusaga.

Jumbe akamwita mpiga ramli kutoka mbali. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kikohozi chake mwenyewe. Alikaa kwa jumbe siku mbili, akala, akasikiliza habari za kijiji, na siku ya tatu asubuhi akatandika ngozi uani na watu wote wakaitwa. Alitupa kokoto zake mara tatu. Akasema ni mwanamke. Akasema halali na mume. Akasema anapika kitu kisicholiwa peke yake. Watu hawakuhitaji kutazamana. Munyu alikuwa amesimama nyuma, mikono kifuani, akiwa bado na majivu kwenye nguo.

"Kama ni mimi unanisema," alisema, "nitaje. Usinizunguke kama mbuzi anayetafuta upenyo."

Mpiga ramli hakumtazama. "Atatajwa na mtu wa damu yake," alisema, akaanza kukusanya kokoto.

Basi jumbe akamwita mdogo wake Munyu mbele. Hapo sauti yake ilikuwa ya taratibu kuliko siku zote.

"Mwanangu, pole sana na msiba. Sitakuuliza mambo mengi. Siku ile nani alimpakata mtoto mara ya mwisho?"

"Dada yangu."

"Alimpa kitu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji ya moto. Na asali."

"Uliyaonja?"

"Sikuyaonja. Nilikuwa nimelala."

"Nani alikwambia ulale?"

Mama mkwe wake alikuwa amesimama begani kwake, na mumewe, mhunzi, alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Dada."

Jumbe akatikisa kichwa kwa huruma. "Hujasema neno baya hata moja, mwanangu. Sasa nataka uapie kaburi la mtoto wako kwamba huyu dada yako hahusiki. Ukiapa, mambo yamekwisha, kila mtu aende kwake."

Ilikuwa rahisi hivyo. Watu walisubiri. Bibi alisema mama yake alipofika hapa katika kusimulia, siku zote alisimama, akatafuta kazi ya kufanya kwa mikono. Kaburi lenyewe lilikuwa na siku kumi na moja. Udongo wake ulikuwa haujashuka.

"Siwezi kuapa," alisema.

Hakusema ni yeye. Lakini palipo na watu waliofiwa, siwezi kuapa ilitosha.

Jumbe hakutaka ionekane kwamba ameonea mtu. Akasema kutakuwa na kipimo. Watachemsha maji ya chumvi katika chungu cha Munyu mwenyewe, kwa kuni zake mwenyewe, na kutumbukiza jiwe. Atalitoa kwa mkono. Mkono utafungwa kitambaa, na fundo atalifunga jumbe. Siku ya tano utafunguliwa mbele za watu. Mkono ukiwa umeoza, basi ni mchawi. Ukiwa mzima, arudi kazini kwake, na atakayemsema atamtolea mbuzi.

Walishuka kibondeni mchana huo huo. Jiko lilikuwa limewashwa na watu ambao hawakujua kuwasha jiko lile, moshi ukajaa kila mahali. Munyu akawapisha, akapanga kuni upya mwenyewe, maana hakuweza kuvumilia kuona zinavyopoteza moto. Maji yalipoanza kuruka, mhunzi akapita karibu naye akijifanya anaangalia chungu. Mhunzi hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa ameishi na chuma cha moto tangu utotoni.

"Shemeji," alisema chini chini, "lowesha kwanza maji baridi. Mpaka kiwiko. Halafu usisite."

Huo ndio msaada pekee alioupata siku ile kutoka kwa mtu yeyote, na aliyeutoa akarudi haraka kusimama kando ya mama yake.

Munyu akatumbukiza mkono kwenye hori la maji baridi kana kwamba anaosha vumbi. Kisha akauingiza chunguni. Wale waliokuwa karibu walisema alilitoa jiwe kabla hujamaliza kumeza mate. Hakupiga kelele. Aliliweka jiwe ukingoni mwa jiko, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Jumbe akafunga kitambaa, akafunga fundo, na mtoto wake akakaa mlangoni mwa chumba siku zote tano ili asiingie mtu na dawa.

Alizipitishaje siku zile mle ndani, hakuna ajuaye vizuri. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba usiku wa pili alitamani kuukata. Alikuwa na mkono mmoja wa kuchotea maji, na maji pekee mle ndani, ukiacha kata ya kunywa aliyoletewa kila siku, yalikuwa mtungi wa maji ya chumvi. Aliyamimina juu ya kitambaa asubuhi na jioni, akiuma pembe ya blanketi. Chumvi haiozeshi kitu. Aliijua hivyo kwa sababu ya kazi yake, wala hakujua zaidi ya hapo.

Siku ya tano watu wakajazana tena. Jumbe akakagua fundo lake, akalifungua. Kitambaa kilikuwa kimegandamana, kikabanduka na ngozi. Chini yake mkono ulikuwa mwekundu, umechubuka, umeanza kujikunja vidole. Lakini haukuwa na usaha. Haukunuka. Jumbe aliunusa mwenyewe, akaunusa na mdogo wake, yule mposaji wa zamani.

Mwanamke mmoja nyuma alianza kushukuru, akaishia katikati. Kwani hakuna aliyekuwa amejiandaa kwa hili. Walikuwa wamepanda mlima mzima wa hasira, na sasa hapakuwa na mahali pa kuiweka.

Aliyewasaidia ni mama mkwe wa mdogo wake. Alisema kwa sauti ya mtu anayefikiri tu. "Mkono wangu ungeoza."

Mtu mwingine akasema, "Hata wangu."

"Mkono wa binadamu uingie kwenye maji yale, siku tano, usioze," alisema yule mposaji. "Mimi sijawahi kuona."

Jumbe alitazama chini muda mrefu. Huenda alikuwa na aibu. Bibi yangu alipenda kusema huenda, alikuwa mtu wa kumpa kila mmoja nafasi. Kisha jumbe akasema kwamba kipimo kimejibu, ila kimejibu kwa njia yake.

Munyu akacheka, kicheko kifupi kama cha mtu aliyesikia bei ya kijinga. "Kwa hiyo ungeoza ni mchawi, na haukuoza ni mchawi. Si mngeniambia mapema nikaacha kujisumbua na maji."

Akaambiwa jua lisizame akiwa ndani ya mipaka. Wakatoa paa la chumba chake na kulichoma pale pale, ili asipate pa kurudi. Wale wanawake waliokuwa wakisokota sufu bandani walikuwepo, wengi wao. Mmoja tu, mfumaji mzee aliyekuwa hana tena mtu wa kumwogopa, alitoka kwenye kundi akamtundikia blanketi mabegani. "Njia ya juu ina upepo," alimwambia. Wengine waliangalia moto. Mdogo wake hakuwepo. Alikuwa nyumbani amejifunika gubigubi, na alisikia watu wanapita wanarudi, na alijua.

Asiyekuwepo na lake halipo. Chemchemi ikapewa mtoto wa jumbe.

Watoto watatu wengine walikufa kabla baridi haijaisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na jina la mpiga ramli halikutajwa tena, kama mgeni aliyechafua mahali akaondoka. Mtoto wa jumbe naye alichemsha kwa bidii. Lakini alichemsha mpaka chungu kikauke kabisa, asipoteze kitu, kwa hiyo alipata chumvi nyingi, ya kijivu, yenye uchungu wa yale maji ya mwisho. Kijiji kizima kiliharisha mwezi mzima. Wakasema Munyu ameiloga chemchemi. Wakawa wananunua chumvi kwa wachuuzi, kwa manyoya na jibini, na wanawake hawakuwa tena na chao cha kubadilisha.

Mdogo wake akazaa tena, mtoto wa kike, ndiye bibi yangu. Mtoto alipofikisha mwaka, mchuuzi mmoja akataja kwamba kule chini, kwenye mji wa njia panda, kwa watengeneza ngozi, kuna mwanamke mwenye mkono uliokunjamana ambaye anajua kutia ngozi chumvi kuliko mtu yeyote. Mdogo hakulala kwa wiki mbili. Kisha jumbe naye akasikia. Akamwita mhunzi, akasema labda wakati umepita, labda mke wako angekwenda kuongea na dada yake. Ndivyo mdogo alivyopata ruhusa ya kusafiri. Mwenyewe alijua ni ruhusa ya aina gani.

Alitembea siku mbili na mtoto mgongoni. Kiwanda cha ngozi ulikinusa kabla hujakiona. Palikuwa na ua mrefu wenye mashimo ya maji ya magome, ngozi zimetundikwa kama nguo za watu waliokufa, na mwisho wa ua banda lisilo na dirisha. Munyu alikuwa amepiga magoti akisugua chumvi kwenye ngozi ya ng'ombe kwa mkono wa kushoto. Wa kulia aliutumia kuikandamiza tu, kwa kiwiko. Alikuwa amekonda. Aliinua macho, akamwona mdogo wake, akaendelea kusugua mpaka akafika ukingoni.

"Huyo ni nani?" aliuliza, akimwonyesha mtoto kwa kidevu.

"Ni wako. Mtoto wako."

"Anakohoa?"

"Hapana."

"Vizuri."

Walikaa kwenye gogo nje. Mdogo alikuwa amepanga maneno njia nzima, na yote yakampotea.

"Sikusema ni wewe, dada."

"Najua. Nilikuwepo."

"Niliogopa."

"Hilo nalo nililiona. Ndiyo maana sikukutazama. Ningekutazama ungeanguka." Munyu alikuwa anafuta chumvi kwenye nyufa za kidole. "Nikuulize kitu kimoja. Uliamini?"

"Siku ile, ndiyo. Kidogo. Nilitaka pawe na mtu. Sikuweza kukaa na kikohozi tu. Kikohozi huwezi kukichukia."

Munyu hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Aliomba kumshika mtoto, akampakata kwa ule mkono mbovu, kidogo tu, kisha akamrudisha haraka kama mtu aliyekumbuka jambo.

Ndipo mdogo akatoa ujumbe wa jumbe. Kwamba arudi, hatasumbuliwa, atajengewa. Akae chini ya mtoto wa jumbe, amfundishe kazi.

"Nikae chini ya nani?"

Mdogo hakurudia.

"Hapa nalala na ngozi za ng'ombe," Munyu alisema. "Zinanuka, lakini hazijawahi kunipigia ramli. Mwambie jumbe mkono wangu hauwezi kukoroga tena. Hilo ni la kweli, hata wewe unaliona. Usiongeze la kwako."

Lakini mdogo aliongeza. Aliporudi, jumbe alimwita barazani mbele ya wazee apate jibu, na alilitoa lilivyo. Kisha, badala ya kuondoka, alibaki amesimama. Alisema, "Na mimi nataka kuapa sasa. Mtoto wangu aliuawa na kikohozi. Dada yangu hakumfanya kitu. Naapa kwa kaburi lake."

Wazee walikohoa, wakapangusa ndevu. Jumbe akamwambia, "Mama, jambo hilo limeshapita." Na kweli lilikuwa limepita. Kilichobadilika ni kwamba mama mkwe wake hakusema naye tena mpaka siku ya kufa kwake, chini ya paa moja, na wanawake wengi wakaacha kuleta majembe kwa mhunzi ikiwa ni yeye aliyekaa mlangoni. Mhunzi hakumlaumu. Hakumsifu pia. Jioni ile alimsogezea kigoda karibu na moto, basi.

Munyu aliishi miaka saba zaidi. Mdogo wake hakumwona tena. Mara ya pili alipokwenda, alikuta ngozi zinasuguliwa na mwanamke mwingine, kijana, ambaye alikuwa akiimwaga chumvi ovyo. Mke wa mwenye kiwanda akamweleza kwamba kifua kilimbana mwanzoni mwa masika, hakulala kitandani hata siku tatu. Walikuwa wamemzika nyuma ya mji pamoja na wageni wengine. Walimwambia alikuwa mchapakazi, mwenye mdomo, na kwamba alikataa kuolewa na mlinzi wa lango mara mbili. Waliuliza kama alikuwa na ndugu.

"Mimi ni mdogo wake," alisema.

"Hakuwahi kutaja mdogo," alisema yule mama, kisha akaona uso wake, akaongeza upesi kwamba Munyu hakuwa mtu wa kutaja mambo yake.

Bibi yangu alikuwa na miaka minane wakati ule, naye alikuwepo. Alikuwa akikumbuka harufu ya magome, na mama yake akizunguka kati ya vilima vidogo vya udongo visivyo na alama, akiuliza kila mtu aliyepita ni kipi, na watu wakionyesha tofauti tofauti. Mwishowe alichagua kimoja, akakaa kando yake mpaka jua likawa kali. Kisha wakaanza safari ya kurudi, siku mbili, kupanda.